Tableti pembeni, laptopu mbele: skrini ya pili kwa mtu wa hesabu

Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Tanga: duka la vipuri vya pikipiki, famasi mbili, nyumba ya wageni. Tarehe 7 ya mwezi PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) ziwe zimeshakwenda TRA, tarehe 20 ni zamu ya VAT, na siku za katikati naishi ndani ya stetimenti za benki. Stetimenti ni PDF, daftari ni Excel, laptopu ni ya inchi 14. Ukiigawa skrini nusu kwa nusu, safu za Excel zinajificha na tarakimu za benki zinakuwa ndogo kama sisimizi. Ukifungua dirisha moja juu ya jingine, unasoma kiasi, unahamia kwenye daftari, unakuta umeshakisahau. Hapo ndipo 54,000 inapoandikwa 45,000. (Wahasibu wenzangu wanajua: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizogeuzwa.)

Monita ingemaliza shida hiyo, ila monita inataka pesa, nafasi mezani na umeme wa ukutani. Tableti inaweza kuwa skrini ya pili badala yake, na nyumba nyingi siku hizi inayo, kwa kawaida iko mikononi mwa mtoto anayeangalia katuni. Ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea na kazi pamoja na laptopu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nitaeleza zaidi habari ya laptopu ya Windows na tableti ya Android, kwa sababu ndivyo vifaa walivyonavyo wengi wetu. Wenye Samsung za bei ya juu na wenye iPad nimewawekea njia zao huko mbele. Majina ya vitufe nayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana Windows nyingi tunazotumia ni za Kiingereza.

Waya kabla ya programu

Ukimwambia muuzaji unataka kuunganisha tableti na laptopu upate skrini mbili, kuna uwezekano mkubwa akakutolea kiunganishi cha HDMI kwenda USB-C. Kirudishe. Kile hutoa picha kwenye tableti kuipeleka runingani. Hakiingizi picha ndani ya tableti. Tundu la tableti karibu zote halipokei picha kutoka nje. Lenovo Yoga Tab 13 ya mwaka 2021 ni moja kati ya chache zilizotengenezwa na tundu la kupokea HDMI, nayo si tableti utakayoikuta kila duka.

Kwa hiyo kazi hii hufanywa na programu mbili. Ya kwanza inakaa kwenye laptopu na kuiaminisha Windows kwamba kuna monita nyingine imechomekwa. Windows inaichora skrini hiyo isiyokuwepo, programu inaibana picha kama video na kuituma kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi. Programu ya pili, kwenye tableti, inaipokea na kuionyesha. Ukiuelewa mpango huo utaelewa pia kwa nini laptopu dhaifu hulemewa: inachora skrini mbili na juu yake inabana video mfululizo.

Waya wa USB ndio mimi nautumia siku zote, na ndio utakaokusumbua kuliko programu yenyewe. Nyaya nyingi za bei rahisi ni za kuchaji tu. Zile nyuzi za data ndani hazimo. Ukichomeka, tableti inaonyesha inachaji, unaridhika, halafu programu inasema haioni kitu na wewe unaanza kuilaumu laptopu. Kupima ni rahisi. Chomeka, shusha pazia la taarifa juu ya tableti, gusa maneno ya USB, chagua File transfer. Tableti ikitokea ndani ya This PC kwenye laptopu, waya una data. Isipotokea, ujaribu mwingine. Dukani nabeba simu yangu na kupima hapohapo.

“Dada, huu ni fast chaji kabisa, orijino.”

“Kaka yangu, wa kuchaji ninao. Nataka unaopitisha data. Tuuchomeke kwenye kompyuta yako hapo tuone.”

Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai.

Kuweka spacedesk

Programu ninayoitumia ni spacedesk. Matumizi ya binafsi ni bure. Anayeitumia kibiashara asome masharti yao ya leseni kwanza, kwa sababu si yaleyale. Kabla ya kupakua, fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mstari wa System type ujue Windows yako ni ya biti 64 au 32. Halafu nenda spacedesk.net, pakua faili linalolingana na Windows yako, lifungue na ukubali hadi mwisho. Likikuuliza kuhusu firewall (ukuta wa Windows unaozuia mawasiliano ya mtandao), ruhusu. Ukimaliza washa upya kompyuta hata kama haijakuomba. Hili ni jambo linaloingia ndani ya mfumo wa kuonyesha picha, si programu ya kawaida.

Kwenye tableti fungua Play Store, tafuta spacedesk, isakinishe. Kisha rudi kwenye laptopu. Pembeni mwa saa, chini kulia, kuna alama ya spacedesk. Ifungue utapata dirisha la mipangilio. Humo ndani tafuta swichi ya waya wa USB kwa Android na uiwashe, maana bila hiyo programu itasubiri mtandao tu. Chomeka waya. Tableti itauliza kama unaruhusu spacedesk ishughulikie kifaa cha USB: kubali, na uweke alama ya kukumbuka ili isiulize kila siku. Fungua programu ya tableti, gusa jina la laptopu yako, na mandhari ya Windows itajitokeza.

Mara nyingi mtu akifika hapa huona tableti inarudia kilekile kilichoko kwenye laptopu, akadhani ndiyo kazi imeisha. Nakala haikusaidii kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utaona machaguo manne. Unalolitaka ni Extend. Sasa una meza mbili badala ya moja, na kishale cha mausi kinaweza kuvuka kutoka huku kwenda kule.

Kivuke upande gani? Hilo unaliamua wewe. Bofya kulia mahali patupu kwenye mandhari, chagua Display settings. Utaona maboksi mawili yenye namba 1 na 2. Bonyeza Identify ujue ipi ni ipi, kisha liburute boksi la tableti likae upande uleule ambao tableti yenyewe imekaa mezani. Tableti yangu iko kushoto, na boksi lake nimeliweka kushoto, kingo za juu zikilingana. Ukiliacha kulia wakati tableti iko kushoto, mausi itakuwa inagonga ukuta kila unapoisukuma, nawe utasema programu mbovu.

Humohumo kuna Scale. Tableti ya inchi 10 yenye pikseli 1920 kwa 1200 huonyesha maandishi madogo mno yakiachwa asilimia 100. Chagua boksi la tableti, panda mpaka 150. Kama macho yako yamevuka miaka arobaini kama yangu, jaribu 175.

Isimamishe wima

Watu wote ninaowaona wakifanya hivi wanailaza tableti, kwa sababu monita hulala. Stetimenti ya benki imeandikwa kwa karatasi ya A4 iliyosimama. Ankara, mikataba, barua za TRA, zote zimesimama. Ukiilaza tableti unaona chini ya nusu ya ukurasa, halafu unateleza, unateleza, unapoteza mstari. Ukiisimamisha, ukurasa mzima unaingia, kuanzia salio la mwanzo juu hadi mstari wa mwisho chini. Ukiigeuza tableti picha nayo hugeuka. Isipogeuka, nenda Display settings, chagua boksi la tableti, na kwenye Display orientation weka Portrait.

Kitu cha kuisimamishia si lazima kinunuliwe. Vishikio vya plastiki vya simu havina uzito wa kutosha, tableti ikisimama wima inavipindua. Mimi fundi seremala wa mtaa wa pili, huku Ngamiani, alinikatia kipande cha mninga chenye mfereji ulioinama kidogo kwenda nyuma, kirefu cha kiganja. Mhimize aache pengo chini katikati ili kichwa cha waya kipite, kwa sababu tableti ikisimama wima tundu la chaji huangalia chini. Kava livue. Linanenepesha tableti isiingie kwenye mfereji, na kwa joto la Tanga la Februari linahifadhi moto ambao hauutaki.

Sasa gawa kazi. Kanuni yangu ni kwamba kisichosogea kinakaa kwenye tableti, kinachosogea kinabaki kwenye laptopu. PDF ya stetimenti, picha za risiti za EFD (mashine za risiti za kodi), orodha ya mishahara ya mwezi uliopita: hivyo ni vya kusomwa, viende pembeni. Excel, mfumo wa hesabu, barua unayoiandika, vibaki mbele yako penye kibodi. Sababu ni ileile ya kubana picha: kila kinachobadilika kwenye tableti lazima kitumwe upya, na kwa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 utaona kishale kinachelewa nyuma ya mkono wako. Ukurasa uliotulia hautumi karibu chochote. Anayetaka kuangalia mpira kwenye tableti huku anafanya kazi, aufungue kwa programu ya tableti yenyewe, asiupitishe kwenye laptopu.

Njia ya mkato moja nakuomba uishike: Windows pamoja na Shift na mshale wa kushoto au kulia. Dirisha linaruka lote kutoka skrini moja kwenda nyingine bila kuburuta. Ndiyo hiyohiyo itakayokuokoa siku waya umechomoka na dirisha likabaki upande usioonekana. Liguse kwenye mstari wa chini lichaguliwe, kisha bonyeza vitufe hivyo lirudi. Likikataa, Windows na P, chagua PC screen only, kila kitu kinarudi nyumbani.

Bila waya, na bila kumaliza bando

Kuna wakati waya haupo, au tundu la laptopu limelegea. spacedesk inapita kwenye Wi-Fi pia, mradi laptopu na tableti ziko kwenye mtandao mmoja. Huna ruta? Washa hotspoti ya simu, ziunganishe zote mbili, kisha zima data ya simu. Kwenye simu nyingi za Android hotspoti inabaki hewani bila data, na hiyo inatosha, kwa sababu picha inatoka laptopu kwenda kwenye simu kisha tableti. Haifiki intaneti kabisa. Usipozima data, Windows itaona imepata mtandao wa bure na kuanza kupakua masasisho yake, na bando la wiki litakwisha kabla hujamaliza ukurasa wa pili. Kama ni lazima data iwe wazi, ingia kwenye sifa za mtandao huo ndani ya Settings na uwashe Metered connection, inayoiambia Windows ibane matumizi ya data.

Kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa hii kwa kawaida haifanyi kazi hata kidogo. Mitandao ya wageni mingi imepangwa ili vifaa visionane, kwa usalama wa wateja. Usipoteze muda kutafuta kosa; chomeka waya au tumia hotspoti yako. Na hata kama vingeonana, orodha ya mishahara ya mteja haipaswi kupita kwenye mtandao wa watu usiowajua.

Kama nyumbani una ruta yenye 2.4 GHz na 5 GHz, tumia 5 kwa vifaa vyote viwili ukiwa chumba kimoja na ruta. Picha ikikwamakwama, ingia kwenye mipangilio ya programu ya tableti, shusha resolusheni (idadi ya pikseli) hadi 1280 kwa 800 na punguza ubora wa picha. Kwa maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe tofauti ni ndogo.

Samsung na iPad

Samsung za familia ya Tab S, kuanzia Tab S7, zina kitu chao kiitwacho Second Screen. Shusha paneli ya vitufe vya haraka kwenye tableti, kiguse, kisha kwenye laptopu bonyeza Windows na K, chagua jina la tableti. Hakuna programu ya kusakinisha. Inatumia Miracast, ambayo ni mawasiliano ya Wi-Fi ya moja kwa moja kati ya vifaa viwili, hivyo ruta wala bando havihusiki. Laptopu nayo lazima iwe inaikubali: fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika netsh wlan show drivers, utafute mstari wa Wireless Display Supported. Ukisoma Yes, endelea. Ukisoma No, rudi kwenye waya na spacedesk.

Mwenye Mac na iPad ana Sidecar, iliyokuja mwaka 2019 pamoja na macOS Catalina na iPadOS 13. Ni nzuri kuliko zote nilizoziona, na kalamu ya Apple inafanya kazi humo. Masharti yake ni kwamba vifaa vyote viwili viwe na akaunti moja ya Apple, yenye uthibitisho wa hatua mbili, na hapo ndipo familia nyingi hukwama, kwa sababu iPad imefunguliwa kwa akaunti ya mtoto. Bila waya, Wi-Fi na Bluetooth viwe vimewashwa na vifaa visiachane zaidi ya mita 10. Kwa waya, gusa Trust kwenye iPad inapouliza. Halafu kwenye Mac fungua mipangilio ya Displays na uiongeze iPad kwenye alama ya kujumlisha.

iPad na laptopu ya Windows zinaoana kupitia spacedesk kwenye Wi-Fi, au Duet Display ambayo hulipiwa na inapita kwenye waya. Mchoraji mwenye tableti ya Android na kalamu aangalie SuperDisplay: nayo hulipiwa, lakini inasoma mgandamizo wa kalamu, jambo ambalo mtu wa hesabu hana haja nalo.

Laptopu ya ofisi iliyofungwa isisakinishwe kitu ina mlango mmoja. Kuna kifaa kidogo, ukubwa wa flashi, kinachopokea HDMI upande mmoja na kutoa USB upande wa pili. Wapiga picha za matangazo ya moja kwa moja wanakitumia. Laptopu inakiona kama monita halisi, tableti inakiona kama kamera ya USB, na programu ya kuonyesha kamera ya USB ndiyo inayokupa picha. Kwenye iPad zenye USB-C uwezo huo ulikuja na iPadOS 17. Kugusa skrini ya tableti hakutafanya kazi kwa njia hii, lakini kusoma utasoma.

Na vile vishikwambi (ndizo tableti hizohizo) vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu, vinaweza kufanya kazi hii vizuri tu, hasa mwalimu anapojaza alama huku karatasi zilizoskaniwa ziko pembeni. Ni mali ya mwajiri, mwalimu wangu. Muulize mkuu wa shule kabla ya kuweka programu.

Chaji, joto na kufunga kazi

Usishangae tableti ikiwa imechomekwa na bado asilimia zinashuka. Tundu la USB 2.0 la laptopu hutoa wati 2.5 tu kwa kanuni, la USB 3.0 wati 4.5, na skrini iliyowaka kikamilifu inaweza kula zaidi ya hapo. Chomeka kwenye tundu la USB 3.0, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, na ushushe mwangaza ulingane na wa laptopu. Kulinganisha mwangaza kunasaidia macho pia, maana kinachochosha ni kuruka kutoka penye giza kwenda penye mwanga mkali kila sekunde. Umeme ukikatika kumbuka tableti sasa inanyonya betri ya laptopu. Hapo chomoa waya, hamia hotspoti, kila kifaa kijitegemee.

Zima arifa za tableti kwa Do Not Disturb. Ujumbe wa kikundi cha harusi ukishuka juu ya stetimenti katikati ya kuhesabu, unaanza upya.

Ukimaliza, rudisha madirisha yote kwenye laptopu, funga programu ya tableti, kisha chomoa. Halafu fungua lile dirisha la spacedesk pembeni mwa saa na uizime. Isipozimwa inabaki inasubiri, na kwenye Wi-Fi kifaa kingine chochote chenye programu hiyo kinaweza kuiona laptopu yako na kuomba kuungana. Kwangu tableti inarudi kwa mwanangu kila jioni, naye amejifunza kuifungua programu hiyo.